Mchi wa Tatu

Makanyagio, Mpanda
18 Juni 1956

Kwa mke wangu Bibi Paskalia, Ikola,

Shikamoo. Mimi mumeo Evodi ni mzima kama chuma cha reli, sijui wewe na hayo magoti yako. Mjomba Hilari mwanao anakusalimu, mkewe anakusalimu, watoto wao wote wanakohoa lakini wanakula vizuri sana, nimewashuhudia. Msalimie mama mdogo Regina. Barua hii inakuja na lori la dagaa pamoja na sukari ratili mbili. Ikifika ratili moja na nusu, mtazame taniboi midomoni.

Na wewe Mwalimu Telesphor unayemsomea Bibi barua hii, shikamoo na wewe. Soma taratibu na usiruke mahali. Nakujua. Ukifika penye utamu unakohoa, unageuza karatasi.

Bibi, gari moshi nimeliona. Nimeligusa kwa mkono huu huu. Watu wa Ikola wote mkijipanga mstari bado hamwezi kulijaza. Lakini hilo si la kuniandikisha barua. Kaa vizuri kwenye kigoda.

Jana Jumapili, baada ya misa (nilikwenda misa, Mwalimu, andika kwenye daftari lako), Mjomba alinipeleka kwenye klabu ya wafanyakazi wa mgodi, saa tisa alasiri, bati la juu linawaka kwa jua. Kulikuwa na dansi. Bendi yao inaitwa Risasi Jazz, kwa kuwa mgodini wanachimba madini ya risasi. Magitaa mawili, ngoma za kizungu ambazo moja unaikanyaga kwa mguu, na mtu mmoja mwembamba wa kutoka Kongo anaitwa Damiano, fundi wa pampu za maji mgodini. Wewe ukisimama mlangoni asubuhi bila ukungu unaona milima ya kwao ng'ambo ya ziwa. Huyo anapiga saksafoni. Saksafoni ni kama kiko cha marehemu babu, ila cha shaba, na ukubwa wake ni wa mtoto wa miaka miwili, anaibeba kifuani hivyo hivyo.

Walianza wimbo wa kawaida, watu wanazunguka na wake zao. Damiano akaupiga wimbo mara moja, akaupiga mara ya pili, safi, umenyooka. Mara ya tatu akatoka. Sijui nikuambieje. Alitoka kwenye wimbo kama mtu anayetoka nyumbani kupitia dirishani wakati mlango uko wazi. Akaenda zake. Tukamsikia yuko porini kule, anaita, anacheka, anagombana na mtu, anambembeleza mtoto. Wachezaji wakaanza kukanyagana. Mzee Ponsian mpiga ngoma akamfuata hatua tatu, akapotea, akaweka fimbo zake chini. Watu wakapiga kelele, "Damiano, rudi! Tumekuja kucheza, hatukuja kuwinda!" Mjomba Hilari akaniambia, "Huyu amelewa." Hakulewa, Bibi. Hanywi hata togwa, tumbo lake bovu, nimeuliza.

Halafu akarudi. Wimbo ule ule, mahali pale pale, kama hakwenda popote. Ila wimbo ulikuwa na matope miguuni.

Mimi nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Klabu nzima imenuna, mimi peke yangu napiga makofi. Akanitazama.

Basi Bibi, habari yenyewe ni hii. Blanketi lililonileta huku nimelinunua. Sanduku nimenunua. Lakini ile tarehe mosi Oktoba ya kwenda kule Ufipa kwenye chuo cha makatekista, siendi. Mwalimu Telesphor, umesikia? Najua nafasi umeniombea wewe. Siendi. Blanketi nitajifunika hapa hapa, na sanduku nimelikalia ninapokuandikieni.

Mumeo anayekupenda kuliko alivyokupenda babu,
Evodi


Ikola
9 Julai 1956

Kwa kijana Evodi,

Salamu katika Bwana. Barua yako imewasili na imesomwa. Hali ya afya yangu ni njema isipokuwa magoti. Sukari imepokelewa, ratili mbili kamili. Aidha napenda kukujulisha kwamba Regina amehamia Kigoma kwa mumewe tangu wiki iliyopita.

Nimesikitishwa mno na mwenendo wako. Dansi ni mahali pa walevi na watu wasio na kwao. Nafasi ya chuo imepatikana kwa taabu kubwa, na vijana wengi wanaililia. Kwa hiyo nakuagiza urudi kabla ya mwisho wa Agosti ili upate muda wa kujitayarisha kiroho.

Ni mimi bibi yako,
Paskalia


Makanyagio, Mpanda
30 Julai 1956

Kwa mke wangu Bibi Paskalia,

Shikamoo. Sisi wazima. Mtoto wa mwisho wa Mjomba ameota jino, amenijaribia kidoleni. Mvua hakuna, vumbi la Makanyagio tunalila bila mboga. Pole kwa kuondoka mama mdogo Regina.

Barua yako nimeipata, lakini wewe mwenyewe sikukupata humo ndani. Nimeigeuza, nimeinusa. Tangu lini wewe unasema "aidha"? Tangu lini unaniandikia bila kuniita mume wako, wala kunitukana? Na dole gumba lako liko wapi? Kila barua unatia dole lako kwenye wino, kubwa kama kobe. Hii ina jina limeandikwa kwa mwandiko wa ubaoni.

Mwalimu, sikusemi vibaya. Nasema tu kwamba mke wangu ameniandikia barua na mimi nimepokea barua ya mwanamume.

Kwa hiyo Bibi, nakupa jaribio. Ile michi yetu mitatu ya nyumbani iliitwaje? Ukinijibu nitajua ni wewe. Mwalimu, hapo kwenye michi usisome kwa sauti kubwa. Huku hakuna anayejua, na sitaki taniboi ayalete.

Sasa habari. Mzee Ponsian ameacha ngoma. Amesema hawezi kukaa tena nyuma ya kichaa. Jumapili iliyofuata bendi ikapiga bila ngoma, ikawa kama uji bila chumvi. Mimi nikamwendea Damiano kambini kwake, nikamkuta anafungua pampu, mafuta mpaka viwikoni. Nikamwambia mimi ni mpiga ngoma. Akaniuliza, "Ngoma zipi?" Nikamwambia ngoma za chifu wetu, kwamba nyumbani bila mimi chifu haamki.

Bibi, usicheke. Mwalimu, usitubu kwa niaba yangu.

Akanikalisha kwenye zile ngoma za kizungu. Nikapiga kwa nguvu zangu zote, mpaka kile kisahani cha shaba kikaanguka. Alipomaliza kukiokota akaniuliza, "Chifu wenu ni kiziwi?" Fabiani mpiga gitaa akacheka mpaka akakaa chini.

Lakini hakunifukuza. Amesema nije kila siku anapotoka kazini, na Jumapili ya tarehe 23 Septemba watanijaribu mbele za watu. Nikishindwa niende zangu. Na mimi nimejua ugonjwa uko wapi. Akitoka kwenye wimbo nikimfuata, tunapotea wawili. Nikisimama kumngoja, wimbo unakufa. Anasema, "Usinifuate, na usiniache." Huo ni usemi gani? Nimemwambia nimeelewa. Sijaelewa hata kidogo.

Sikuombi ushauri. Nakupa habari tu.

Na chuo bado siendi.

Evodi


Ikola
27 Agosti 1956

Wewe mume wangu mjinga,

Mimi mzima. Mwewe amemchukua kuku mmoja, yule mweupe uliyemwogopa. Dagaa mwezi huu wengi, harufu yake imefika mpaka kanisani. Barua yako imekaa hapa siku nyingi kwa sababu nilikuwa sijaisikia. Nilisomewa, lakini sikuisikia. Juzi nikamwita Katarina mtoto wa jirani, yuko darasa la tatu, akanisomea upya. Kumbe uliandika maneno mengi hivyo! Na ile barua ya kwanza nayo akaitoa akanisomea, saksafoni yote, na dirisha, na kiko cha mume wangu wa kwanza. Mwalimu Telesphor alikuwa amenisomea sukari na chuo basi.

Nimemwita. Amekaa hapa anaandika haya. Katarina amekaa karibu yake anamtazama kalamu.

Jaribio lako jepesi. Mchi mrefu ni Bwana Mkubwa. Wa pili ni Mama Mkwe. Na wa tatu, ule mfupi uliokatika kichwa, uliitwa Evodi.

Unaona aibu ya nini? Mama yako alikufa, nyumba haina wasichana zaidi ya Regina, na muhogo wa kutosha nyumba hautwangwi na watu wawili. Ulitwanga na mimi na Regina tangu una miaka saba. Wavulana walikucheka, ukawapiga, wakaacha. Sasa una ndevu nne na unaficha.

Sikiliza. Watatu kwenye kinu kimoja, wawili wanashikilia mwendo, na mwenye moyo siku hiyo anatupa mchi wake juu, anapiga makofi, anajigeuza, anajipiga paja, anaudaka, anaingia tena. Mimi ndiye nilikuwa nikitupa. Mwanzoni nikitupa wewe ulisimama mdomo wazi kunitazama, kinu kikanyamaza, na mimi nikirudi sina pa kuingilia. Nikakupiga kofi. Siku nyingine ukataka kutupa na wewe wakati ule ule, michi ikagongana, Regina akavimba kidole. Nikakupiga kofi la pili. Baada ya hapo ulielewa. Hukunitazama tena. Ulitwanga, na nafasi yangu ukaiacha wazi, kama mtu anayemwekea mwenzake kiti.

Huyo mtu wa Kongo anatupa mchi. Basi.

Habari ya chuo, Mwalimu ananiambia niseme uje. Sisemi uje. Sisemi usije. Habari ya magoti usiniulize, na ya Regina kuondoka usiniulize.

Mkeo Paskalia
(hapa ametia dole gumba)

Nami Telesphor, niliyeandika, naongeza. Nimeandika neno kwa neno. Kuhusu kusoma nilikosa, nilidhani ninamkinga mama mtu mzima na huzuni. Lakini wewe pia, Evodi, fahamu kwamba nafasi ile niliiomba mara nne. Wewe ndiye mwanafunzi wangu pekee aliyeniuliza maswali nisiyoyaweza. Nilitaka waulizwe wengine.


Makanyagio, Mpanda
24 Septemba 1956

Kwa mke wangu, na kwa Mwalimu wangu,

Shikamooni. Wote hapa wazima. Mjomba amenuna kuhusu chuo, hasemi na mimi, anamtuma mtoto wa miaka minne aje kuniambia chakula tayari. Blanketi bado zuri.

Jana ilikuwa Jumapili yangu. Nitawaambia yote, hata yale mabaya, ili msije mkayasikia kwa taniboi.

Barua yako ilipofika nilikwenda kwa Damiano nikamwambia ukweli. Nikamwambia hakuna chifu, hakuna ngoma, nilitwanga muhogo na bibi yangu. Fabiani mpiga gitaa akalia kwa kicheko. Tangu siku hiyo ananiita Mama Evodi. "Mama Evodi, leo mboga gani?" Zamani ningempasua mdomo. Nikamjibu, "Leo mboga ni wewe, kaa karibu na kinu." Damiano hakucheka. Alifuta mikono akasema, "Hebu nionyeshe ulivyokuwa unasimama."

Ndiyo hapo, Bibi! Nilikuwa nimekaa. Wiki zote hizo nimekaa kwenye kiti kama karani. Nikakisukuma kile kiti. Tukaiinua ngoma kubwa, tukailaza juu ya kreti la bia uso ukitazama bati, Damiano akanichongea fimbo mbili nene za mninga. Nikasimama miguu imeachana, kama nyumbani, nikaanza kutwanga kutoka juu kwenda chini. Mkono ulikumbuka wenyewe.

Jana klabu ilijaa. Walikuja kumwona mtoto wa Ikola akiaibika. Nilipokataa kiti mtu akapaza sauti, "Oyaa, anatwanga! Leteni ungo!" Klabu nzima ikaangua kicheko. Masikio yangu yakawaka moto, lakini mikono sikuisimamisha. Nikasema moyoni, chekeni, kinu hakisikii.

Wimbo mara ya kwanza, mara ya pili. Mara ya tatu Damiano akatoka kupitia dirishani. Bibi, alikwenda mbali kuliko siku zote, nadhani alifika kwao akarudi na njia nyingine. Sikumtazama. Nilifumba macho, nikaona kinu chetu, ule ufa wake wa upande wa jikoni, na mikono yako. Nikatwanga. Nikaacha nafasi yake wazi. Yeye huko analia, anatukana, anapanda mlima, na mimi hapa nashika nyumba isibomoke. Watu hawakukanyagana. Miguu yao ilikuwa na mahali pa kukanyaga.

Halafu wanawake wakajua. Kulikuwa na Wafipa, Wakonongo, Wanyamwezi, wake za watu wa mgodini, wote walioletwa na waume zao wakae pembeni. Mmoja akapiga makofi kwenye ile nafasi. Mwingine naye. Mara wote wamesimama, makofi yanaingia mle mle unamoingia wewe ukitupa mchi, na vigelegele juu yake. Waume zao hawaelewi, wanatazamana. Damiano aliposikia akageuka na saksafoni yake, akaanza kuwajibu wale wanawake, wao wanamuuliza, yeye anawajibu, na hakuna mtu duniani aliyekuwa amewahi kuusikia wimbo ule, kwa sababu ulikuwa unazaliwa pale pale. Alipotaka kurudi, kiti chake kilikuwa tayari.

Na mimi ningekuwa mtu wa adabu ningeishia hapo. Nikatupa fimbo juu, nikapiga makofi, nikaidaka. Sawa, mara ya kwanza ilimwangukia Fabiani. Mara ya pili nikaidaka.

Mjomba Hilari alikuwa mlangoni. Usiku alimtuma yule mtoto aniambie, "Baba anasema umejitahidi."

Sasa lile uliloniambia nisiulize, nauliza. Regina yuko Kigoma. Mimi niko huku. Nani anatwanga na wewe? Usiniambie unatwanga peke yako na magoti hayo. Ukisema neno moja tu, njoo, nitapanda lori la Alhamisi. Damiano ataniona mjinga na sitajali. Lakini nitakuja kushika mchi. Chuoni siendi hata mkinifunga kamba, na Mwalimu anisamehe, nimeyasoma maneno yake mara nyingi kuliko ninavyotaka kukubali.

Nangoja neno hilo moja.

Evodi


Ikola
14 Oktoba 1956

Mume wangu,

Mimi mzima. Anayeandika leo ni Katarina, kwa hiyo wino ukimwagika usimseme. Mvua ya kwanza imenyesha. Mwewe amerudi akakuta kuku wote wako ndani, akatutukana.

Barua yako nimesomewa mara tatu. Mara ya tatu niliomba nianziwe pale wanawake wanaposimama.

Umeuliza nani anatwanga na mimi. Miezi mitatu nilitwanga na Katarina peke yake, naye mikono yake ni vijiti. Nilitaka kukuita. Nilikuwa na neno hilo mdomoni nikalimeza. Halafu tarehe nne mwezi huu Mwalimu Telesphor alikuja na uso wa mazishi. Chuo kimeanza, jina lako limeitwa, hukuwepo, nafasi imekwenda kwa mwingine. Akasimama hapo uani anasema na mimi, anasema, anasema, na mimi muhogo wangu uko nusu. Nikampa mchi wa tatu. Nikamwambia shika huu kwanza, halafu endelea kusema.

Alishika. Mwanzoni alitwanga kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ya mkubwa. Michi ikagongana. Nikampiga kofi mkononi, Katarina akakimbilia nyuma ya nyumba kucheka. Lakini kesho yake alirudi. Na kesho kutwa. Wanaume wanamcheka njiani, "Mwalimu, unga uko wapi?" Anawajibu kwamba ni mazoezi ya viungo. Jioni hawezi kushika chaki.

Leo Jumapili. Ilipofika saa tisa niliwaambia waje na michi. Mwalimu akakataa. Akasema Jumapili si siku ya kazi, hilo hawezi hata kwangu. Nikaenda kwenye kinu, nikakipindua, nikakipangusa ndani kwa kanga yangu, nikakisimamisha. Nikamwambia, "Mwalimu, tazama humu. Kazi iko wapi?" Akatazama. Mama Katarina akapiga kelele kutoka uani kwake kwamba kutwanga kinu kitupu kunaleta msiba. Nikamwambia misiba iliyonipata mimi haikungoja kinu.

Tukatwanga kinu kitupu. Hujawahi kusikia sauti yake, sikuwahi hata mimi na uzee huu. Muhogo humeza sauti. Kitupu kinaimba. Watu waliotoka ziwani wakasimama njiani na nyavu zao. Nikatupa mchi. Magoti yalilia, nikayaambia yalie. Nikapiga makofi mawili, nikajigeuza polepole, sina haraka, kwa kuwa nilijua huko Mpanda saa hiyo hiyo na wewe umesimama. Mwalimu Telesphor alikuwa amefumba macho. Hakunitazama. Niliporudi, nafasi yangu ilikuwepo.

Kwa hiyo neno unalolingoja silitoi. Usije. Ukija bila kuitwa nitakupiga kofi la tatu. Siku nikitaka kumwona huyo Damiano nitapanda lori la dagaa mwenyewe, na atanipa kiti, na nitakikataa.

Kinu kina watu watatu. Mchi mfupi uliokatika kichwa tumeubadilisha jina, sasa unaitwa Mwalimu. Lile la zamani tumekurudishia, litumie huko.

Mkeo Paskalia
(dole gumba lake, na pembeni dole lingine jembamba lenye chaki)